Chuo Kikuu cha Nyasiga na Maharage ya Bi Sikitu

Nchi ninayoisimulia ina jina, lakini kwa sasa jina hilo liko kwenye kamati. Lilipelekwa huko miaka minne iliyopita kufanyiwa ukarabati na halijarudi, kwa hiyo wananchi tumeombwa tuvumilie na kuiita "nchi" tu. Msomaji asihangaike kutafuta inafanana na ipi. Serikali imetamka kwamba haifanani na yoyote, na mimi ni mtumishi wa serikali: afisa habari wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Bonde la Nyasiga, mwenye ofisi, kiti kinachozunguka na muhuri wangu mwenyewe. Nimeagizwa kuandika historia ya chuo chetu kwa ajili ya sherehe za kutimiza miaka ishirini na mitano.

Nilielekezwa niiandike bila kumtaja Bi Sikitu Mbogela, mkulima. Nimejaribu mara tatu. Kila mara chuo kilibaki kikielea hewani, hakina ardhi ya kukalia. Basi nimeamua kumtaja, halafu wakubwa watamfuta wenyewe.

Kabla ya chuo, Nyasiga palikuwa na mashamba tu, hali ambayo wataalamu wameniambia ni hatari sana kwa bonde la wakulima. Watu walilima mahindi, ulezi na maharage kwenye udongo mweusi kando ya mto. Kila baada ya miaka michache ugonjwa wa kutu uliingia kwenye maharage. Majani yalipata vidonda vyekundu, yakakauka, maua yakapukutika, na watu wakala mboga za porini hadi mvua nyingine. Katika mwaka mmoja wa kutu, mume wa Bi Sikitu, Yeremia, alipatwa na homa akiwa hajala vizuri kwa wiki tatu, na mwili haukuwa na cha kupigania. Alimwachia mkewe ekari sita na binti wa miaka minane aliyeitwa Skolastika.

Mwaka uliofuata ndipo Waziri alipokuja.

Alikuja na magari kumi na moja, matatu kati yake yakiwa yamebeba viti vya kukalia waliokuwa kwenye yale manane. Wananchi walikusanyika uwanja wa gulio. Waziri alipanda jukwaani, akajifuta jasho ambalo halijatoka bado, akasema:

"Ndugu zangu wa Nyasiga! Mnalima kwa kubahatisha. Serikali yenu imeona, imeumia, imelia. Tunawaletea chuo kikuu. Kitakuwa chuo chenu! Maprofesa watashuka mashambani na viatu vyao. Watoto wenu watasoma hapa hapa na jioni watarudi nyumbani kula. Na mbegu isiyougua kutu itatoka hapa, iende dunia nzima! Tunachoomba ni eneo dogo tu la kuanzia."

Eneo dogo lilikuwa ekari mia mbili na ishirini, zile zile za udongo mweusi.

Mgaya Kilave, jirani yake Bi Sikitu, mtu wa maneno machache na mashaka mengi, alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, chuo hakiwezi kukaa kule mlimani kwenye mawe? Maana wanafunzi hawaoti. Wanahitaji udongo mweusi wa nini?"

Waziri alicheka sana, na askari mmoja akaandika jina la Mgaya kwenye daftari ili kicheko kile kisipotee.

Hapo Bi Sikitu akasimama, mkono mmoja umemshika binti yake begani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu watu kunyamaza ili wamsikie.

"Mimi ni mjane," alisema. "Mume wangu mnajua alivyokufa. Kama kuna mahali watu watakaa, wasome, watafute mpaka wapate dawa ya kutu, mtoto wa mwenzangu asife hivyo, mimi ekari zangu sita chukueni. Na ninyi majirani, nawaomba, tutoe. Udongo tumeukalia miaka yote na njaa inatukuta hapo hapo."

Kaya thelathini na saba zilitoa mashamba siku ile. Hata Mgaya alitoa. "Natoa kwa ajili yako, Mama Skola," alimwambia wakirudi nyumbani. "Si kwa ajili ya yule anayejifuta."

Waziri aliondoka akiwa na hati zote mkononi. Kaya zile zilihamia mlimani, kwenye mawe.

Ujenzi ulianza mara moja na ukuta. Nimesikia watu wakiuliza kwa nini ukuta ulitangulia madarasa kwa miaka miwili. Jibu liko kwenye kumbukumbu: elimu ilitarajiwa kufika wakati wowote, na bila ukuta ingeweza kutoroka. Baada ya ukuta likaja geti, na baada ya geti akaja Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Ludovick Zengo, aliyebobea katika maharage kiasi kwamba hakuhitaji tena kuyaona. Alikuwa mtu mwema. Salamu yangu huijibu hadi leo, ingawa kwa maandishi.

Chini yake chuo kilikua kwa kasi ya kutisha. Tulianza na Idara ya Nadharia ya Jembe, ikafuata Idara ya Istilahi za Mbolea, kisha Kituo cha Utafiti wa Utafiti, ambacho huchunguza kwa nini vituo vingine havijachunguza. Udongo mweusi ulipandwa nyasi laini kutoka ng'ambo, kwa sababu chuo kisicho na uwanja wa mahafali hakiwezi kuhitimisha mtu. Shamba la mfano lilijengwa kwa saruji lisiharibiwe na mvua. Mahindi yake yalikuwa ya plastiki, kwa hiyo mgeni rasmi alikuta mavuno tele mwezi wowote aliokuja. Mwanafunzi akikutwa na tope kwenye viatu aliandikiwa onyo, maana tope lilionyesha kwamba hakuwa darasani.

Wakulima hawakusahauliwa hata kidogo. Kutu ilipoingia tena, walishuka mlimani wakiwa na majani ya maharage mikononi, wakasimama getini. Mlinzi aliwapokea kwa heshima. Aliwaeleza kwamba majani yanapokelewa siku ya Jumatano, yakiwa yamechapwa, nakala tatu, na muhtasari usiozidi maneno mia mbili. Walirudi nayo nyumbani. Chuo kiliandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba wakulima mia moja na arobaini walikitembelea.

Bi Sikitu alikuwa mmoja wao. Aliporudi alikwenda kwenye kipande chake kipya cha mlimani, akapita kati ya mistari ya maharage yaliyokauka, akakuta mashina manne ambayo kutu ilikuwa imeyaruka. Aliyafunga nyuzi nyekundu ili asiyapoteze. Mavuno ya mashina yale manne yalijaa kiganja kimoja.

Msimu uliofuata alipanda kile kiganja peke yake, mbali na mengine. Kutu, ambayo sasa ilirudi kila msimu, iliua mengi, ikaacha machache, akayachukua hayo machache. Alifanya hivyo msimu baada ya msimu, na binti yake nyuma yake akibeba nyuzi.

"Mama, kwa nini usipande yote tu?" Skolastika aliwahi kumuuliza.

"Yaliyougua yameshasema la kwao," Bi Sikitu alijibu. "Tunayasikiliza yaliyobaki."

Ilipita misimu kumi na minne. Mwishowe alipata maharage meupe yenye madoa meusi, ambayo watu wa mlimani waliyaita mayai ya kanga. Kutu ilipita mwaka ule, shamba lake likabaki kijani kama vile halijaambiwa. Aliwagawia majirani wote mbegu, bakuli bakuli, kaya thelathini na saba. Njaa ikakoma Nyasiga. Chuoni tuliliona jambo hilo kupitia dirisha, na Kituo cha Utafiti wa Utafiti kilihitimisha kwamba ni mvua.

Sasa nieleze jinsi Skolastika alivyoingia chuoni. Alikuwa amefaulu vizuri kuliko kijana yeyote wa wilaya ile. Lakini chuo chetu ni cha kitaifa, na ili kiwe cha kitaifa nafasi ziligawiwa kwa umbali: anayetoka mbali zaidi ndiye wa kwanza. Fomu iliuliza kilomita. Nyumba ya Skolastika ilikuwa mita mia nne kutoka getini.

Bi Sikitu alikwenda getini asubuhi kumi na moja mfululizo. Alikaa kwenye jiwe, kitenge magotini, cheti cha binti yake ndani ya bahasha. Mlinzi alimwambia ahamie mkoa mwingine kwa muda, kisha aombe upya. Asubuhi ya kumi na mbili Profesa Zengo aliniita ofisini.

"Tunachapisha kijitabu cha wafadhili," aliniambia. "Wanataka picha ya mtoto wa bondeni akisoma. Tunaye?"

"Hatuna, Profesa."

"Basi mmoja aingizwe."

Ndivyo alivyoingia. Picha niliipiga mimi. Skolastika ameshika hadubini, na nyuma yake yanaonekana mahindi ya plastiki. Siku ile mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru, nami nikapokea shukrani kana kwamba nilikuwa nimefanya kitu.

Binti yule alikuwa na akili kali na moyo mzuri. Hilo naliandika kwa sababu nilimwona kwa macho yangu. Mwanzoni alirudi nyumbani kila Jumamosi, akavua viatu, akashika jembe. Alimweleza mama yake mambo ya hadubini, na Bi Sikitu alimsikiliza akitabasamu kama anayesikia habari za ndugu waliokwenda mbali. Shahada ya kwanza ikapita, ikaja ya pili. Jumamosi zikawa za mwezi mara moja, kisha za sikukuu. Alipoanza ya tatu, alikuja na viatu vya ngozi akasimama pembeni mwa shamba.

"Mama," alisema, "nahitaji mayai ya kanga. Sampuli. Nataka niyachunguze maabara, nijue ni kitu gani ndani yake kinachoizuia kutu."

Bi Sikitu aliketi chini. Mgaya, aliyekuwa akipita njia, anasema alidhani amepata kizunguzungu. Kumbe alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Wameuliza!" alisema. "Miaka yote hii, leo wameuliza. Mgaya, umesikia? Chuo kimeuliza!"

Alimjazia binti yake vibuyu viwili vya mbegu bora. Akamweleza yote: mashina manne, nyuzi nyekundu, msimu upi alikosea na msimu upi alirudia. Skolastika aliandika daftari zima.

"Nikiandika tasnifu, jina lako litatangulia, Mama. Nakuahidi."

"Langu la nini? Mimi uandike tu kwamba watu wa Nyasiga walitoa mashamba, na hii ndiyo faida yake."

Miaka mitatu baadaye, Rais wa nchi, ambaye cheo chake kamili kina mistari saba na hivyo sitakiandika hapa, alikuja kuzindua uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya chuo. Uwanja wa mahafali ulijaa. Profesa Zengo alivaa joho jekundu, na nyuma yake aliketi Daktari Skolastika Mbogela, mtafiti kijana, akiwa amevaa la bluu.

"Baada ya miaka ishirini ya utafiti usiolala," alinguruma Profesa, "chuo kimezalisha harage lisilougua kutu! Tumeliita NYASIGA BORA MOJA. Halikutoka porini wala kwa bahati. Limetoka kichwani!" Akajigusa kichwa, na watu wakapiga makofi.

Bi Sikitu alikuwa nyuma ya uzio pamoja na majirani zake. Mwisho wa sherehe walinzi waligawa pakiti ndogo za zawadi. Mbegu za ndani zilikuwa za waridi, zimepakwa dawa. Alirudi nazo nyumbani, akazitia kwenye beseni la maji, akazisugua kwa vidole. Rangi ilitoka. Chini yake yakatokea madoa meusi.

Mgaya aliinama juu ya beseni. "Haya ni yetu."

"Ndiyo," Bi Sikitu alisema, uso umemng'aa. "Wameyapokea. Skola ameyafikisha."

"Wamesema yametoka kichwani mwa profesa."

"Maneno ya sherehe hayo. Kwenye vitabu atakuwa ameandika sawasawa. Ni mtoto wangu, namjua."

Wiki mbili baadaye ilitangazwa Sheria ya Kulinda Ubunifu wa Mbegu. Kuanzia siku ile mtu yeyote aliyekuwa na mbegu inayofanana na NYASIGA BORA MOJA bila kibali cha chuo alikuwa mwizi wa maarifa. Gari la chuo lilipanda mlimani na wakaguzi sita. Walikuta mayai ya kanga katika kila nyumba, jambo lililowashtua sana, maana kwa mahesabu yao wizi ule ulikuwa umeanza miaka tisa kabla ya uvumbuzi. Walizoa kila kitu: cha kwenye vihenge, cha kwenye vibuyu, hata sufuria iliyokuwa jikoni ilibebwa ikiwa imeanza kuchemka.

Waliuliza chimbuko la uhalifu ule ni nani. Bi Sikitu alijitokeza mwenyewe.

"Mbegu niliwagawia mimi. Wenzangu waacheni. Twendeni chuoni, kuna mtu huko atawaelezeni vizuri."

Shauri lilisikilizwa mbele ya Baraza la Maadili ya Mbegu, katika Ukumbi wa Mkulima, ambao ni ukumbi mzuri na siku ile mkulima aliingia humo kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Kabla ya kuanza, nilimwona Skolastika akimkuta mama yake kwenye ushoroba. Alimnyoosha kitenge begani.

"Usiwe na wasiwasi, Mama," alimwambia.

"Sina, mwanangu. Wewe si upo?"

Profesa Zengo alikuwa mwenyekiti, na pia mlalamikaji, ili kuokoa muda.

"Bi Sikitu Mbogela, unatuhumiwa kumiliki nakala za uvumbuzi wa chuo kabla uvumbuzi haujafanyika. Unakubali au unakataa?"

"Nimeyalima miaka mingi, Profesa."

"Kwa hiyo unakubali, tena kwa muda mrefu. Nani alikufundisha kuchagua mbegu?"

"Njaa."

Mjumbe mmoja aliomba jina kamili la mwalimu huyo na chuo alichosoma.

Bi Sikitu hakukasirika. Alieleza polepole habari za mashina manne, za nyuzi, za misimu kumi na minne. Alipomaliza alisema, "Daktari Skolastika alikuwa na mimi shambani tangu akiwa mtoto. Mwulizeni yeye."

Naye akaitwa. Ni lazima nieleze hapa kwamba juma lile Profesa alikuwa amemwita Skolastika ofisini kwake, na mlango wa ofisi ile haufungi vizuri. Nilimsikia akimwambia, kwa upole kabisa, kwamba ikijulikana mbegu ni ya mkulima, basi itajulikana pia kwamba chuo hakijavumbua chochote tangu kijengwe. Wafadhili wataondoka, chuo kitafungwa, na watoto wa bondeni hawatapata tena mahali pa kusoma. Alimwambia pia kwamba kiti cha mkuu wa Idara ya Mbegu kiko wazi. Kisha nilisikia kiti cha Skolastika kikisogezwa.

Sasa alisimama mbele ya baraza na karatasi moja.

"Daktari," Profesa aliuliza, "NYASIGA BORA MOJA ilitoka wapi?"

Skolastika alisoma bila kuinua macho. "Ilizalishwa katika maabara ya chuo. Sampuli za awali zilipatikana bondeni, kutoka kwenye chanzo cha kienyeji kisicho na jina."

Bi Sikitu alikuwa bado anatabasamu, kama mtu anayengoja sentensi imalizike. Haikuendelea. Tabasamu lilibaki usoni pake kwa muda baada ya sababu yake kuondoka, na sikuweza kuendelea kulitazama.

"Skola," alisema. "Kisicho na jina ni mimi?"

"Mtuhumiwa asimhoji mtaalamu!" Profesa alisema.

"Simhoji mtaalamu. Namuuliza mwanangu. Skola, wewe jina lako alikupa nani?"

Skolastika aligeuza karatasi, akasema kwa sauti ya darasani, "Kwa taratibu za kisayansi, Bi Mbogela, vyanzo vya aina hii haviorodheshwi."

Bi Mbogela. Nililiandika kama lilivyotamkwa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Bi Sikitu alikaa. "Basi," alisema. "Sina la kuongeza."

Baraza lilimkuta na hatia, kisha likamsamehe kwa kuzingatia umri wake, na likampa cheti cha msamaha chenye muhuri wa rangi mbili. Mayai ya kanga yote yaliyokamatwa mlimani yaliteketezwa nyuma ya shamba la saruji, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili kama sehemu ya mafunzo kwa vitendo. Bonde zima lilinuka maharage ya kuchoma. Wakulima walitangaziwa kwamba mbegu halali watagawiwa na chuo kwa utaratibu wa kitaifa, yaani kwa umbali. Mikoa ya mbali ilipata kwanza, nchi rafiki zikafuata, na ilipofika zamu ya watu wa mita mia nne ghala lilikuwa limefagiliwa. Msimu ule, kwa mara ya kwanza watu wanavyokumbuka, hakuna aliyepanda maharage Nyasiga.

Siku ya tatu baada ya hukumu, Bi Sikitu alitoka nyumbani asubuhi akaanza kupita nyumba hadi nyumba, zote thelathini na saba. Wengine waliotoa mashamba walikuwa wameshakufa; kwa hao alizungumza na watoto wao. Nilitumwa kumfuatilia ili ijulikane kama anachochea watu. Niliripoti kwamba hachochei. Katika kila nyumba alisimama mlangoni, akakataa kiti, akasema maneno yale yale: "Nilisimama gulioni nikawaombeni mtoe udongo. Mlitoa kwa neno langu. Nilikosea, na nimekuja kusema kwamba nilikosea."

Nyumba nyingine zilimlilia. Katika nyumba mbili walimfungia mlango, naye aliuambia mlango wenyewe, kisha akaendelea. Ya mwisho ilikuwa ya Mgaya.

"Kaa, Mama Skola," Mgaya alisema. "Hukutudanganya. Ulidanganywa pamoja na sisi."

"Lakini ni mimi niliyesimama."

"Mama Skola..."

"Mgaya, kuanzia leo niite Sikitu."

Mgaya alimtazama. Kisha aliitikia kwa kichwa na kusogeza kiti mpaka mlangoni, karibu kabisa na miguu yake, na safari hii Bi Sikitu alikaa.

Skolastika alipewa Idara ya Mbegu. Alipata nyumba ndani ya ukuta, yenye madirisha makubwa yanayotazama mlimani, na nimeambiwa na mtunza bustani kwamba mapazia yake hayafunguliwi. NYASIGA BORA MOJA imepata medali katika miji minne. Mimi mwenyewe niliandika taarifa zote nne kwa magazeti, na katika ile ya tatu niliweka neno "wakulima", likatolewa kwa kukosa nafasi.

Miezi minane ilipita. Historia hii ilipokaribia kukamilika, Profesa Zengo aliagiza picha moja ya mwisho: mkuu wa idara akiwa na mama yake shambani, kuonyesha uhusiano mwema kati ya chuo na jamii inayokizunguka. Nilidhani Skolastika atakataa. Alikubali haraka mno, kama mtu aliyekuwa akitafuta sababu ya kwenda.

Tulipanda mlimani kwa gari la chuo. Njiani alikuwa amepakata kifurushi kidogo cha karatasi, amekishika kwa mikono miwili. Mahali barabara ilipoishia alishuka, akavua viatu vya ngozi, akaviacha garini. Tulitembea. Bi Sikitu alikuwa anapalilia viazi vitamu kwenye mteremko wa mawe, amejifunga kitenge kiunoni, nywele zimekuwa nyeupe zaidi kuliko nilivyozikumbuka.

"Mama," Skolastika alisema. Sauti haikuwa ya darasani. "Mama, nimekuletea. Niliweza kuficha kidogo. Ni yale yale, hayajapakwa dawa." Akanyoosha kifurushi. "Nilisema vile kwa sababu... wangefunga chuo. Nilifikiri nikishakuwa mkubwa nitarekebisha. Nitarekebisha, Mama. Nipe muda."

Bi Sikitu aliweka jembe chini. Alijifuta mikono kwenye kitenge, mmoja mmoja, akashusha nguo vizuri kama anavyofanya mtu aliyefikiwa na mgeni wa heshima. Nilinyanyua kamera, mwanga ulikuwa mzuri.

Akapiga goti kidogo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Daktari," alimwambia mwanawe.

Skolastika alifungua mdomo. Kuna jibu moja tu la salamu ile, na hakuna mtoto duniani anayeweza kumpa mama yake. Kifurushi kilikuwa bado kimenyooshwa kati yao. Niliisikia karatasi ikikunjamana kwenye vidole vyake.

Bi Sikitu alingoja kidogo, kama ilivyo adabu, aone kama ataitikiwa. Kisha akaokota jembe, akatugeuzia mgongo, akaendelea na tuta alilokuwa amelianza.